Nina miaka 20, sisomi saikolojia, nataka kujitolea kuzuia watu wasijiue: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo daktari. Nipo mwaka wa pili chuo, nina miaka 20, nasoma uhandisi. Mwaka jana rafiki yetu mmoja wa hosteli alijiua na tangu siku ile nashindwa kukaa tu, nataka kufanya kitu. Mimi na wenzangu watatu tunataka tufungue grupu la WhatsApp, tuweke namba zetu kwenye mabango chuoni ili yeyote mwenye mawazo ya kujiua atutafute muda wowote, bango tushalidizaini. Ila naogopa nisije nikasema kitu kikamharibu mtu zaidi. Kuna sehemu zinapokea wanafunzi ambao hawasomi saikolojia? Na hili la kufiwa linaweza kunizuia?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa rafiki yenu. Kabla sijaenda popote nakuuliza wazi, kama ninavyomuuliza kila anayekuja na habari kama yako: tangu afariki, wewe mwenyewe umewahi kupata mawazo ya kujiua? Kama jibu ni ndiyo, hata kwa mbali, basi haya mengine yote yasubiri, leo hii ongea na mnasihi wa chuo au piga laini ya msaada ya nchi unayoishi, na kama unaona uko hatarini sasa hivi piga namba ya dharura na umwambie mtu mmoja aje akae na wewe. Sio kwamba nimeona kitu cha kutisha kwenye maneno yako. Nauliza kwa sababu mtu aliyefiwa na mtu aliyejiua anabeba hatari zaidi kuliko watu wanavyodhani, kuna utafiti ulifanyika Uingereza ukatoka mwaka 2016, walihojiwa watu 3,432 wanafunzi na wafanyakazi wa vyuo vikuu wenye miaka 18 mpaka 40 ambao wote walifiwa ghafla, wakaona waliofiwa na mtu aliyejiua uwezekano wao wa kujaribu kujiua ulikuwa juu kwa asilimia 65 ukilinganisha na waliofiwa kwa kifo cha ghafla cha kawaida. Kwahiyo nauliza. Na kuuliza hivi, moja kwa moja bila kuzunguka, ndo kazi yenyewe unayotaka kuifanya.

Sasa tuje kwenye lile grupu, maana naona limeshakaribia kuanza. Naomba bango msilibandike. Sio kwa sababu wazo ni la kitoto, wazo linatoka sehemu nzuri kabisa, ila fikiria inavyokuwa kiuhalisia: mko wanne, wote mna vipindi, wote mna mitihani wiki ileile, na bango limesema muda wowote. Saa tisa usiku mtu anatuma meseji, simu yako haina chaji, wa pili kalala, wa tatu kasafiri, wa nne anaiona ila ameogopa kujibu peke yake anasubiri nyie muamke. Yule mtu huko aliko haoni hayo yote, anachoona ni kwamba kaomba msaada na hakuna aliyejibu, na kwa mtu aliyeko kwenye hali ile kimya hicho kinaweza kumthibitishia kile alichokuwa anajiambia. Afu chukulia umejibu, mmeongea, akakwambia ana mpango na ana kitu cha kuutekelezea hapohapo chumbani, unampigia nani? Nani ana ruhusa ya kuvunja siri yake? Meseji zake zinakaa kwenye simu zenu binafsi mpaka lini? Na kama ni mtu mnayesoma naye darasa moja, kesho yake mnakutana kwenye foleni ya chakula mkiangaliana vipi? Na likitokea baya kabisa, wewe mwenye miaka 20 uliyekuwa upande wa pili wa ile chati utaenda kulitua wapi?

Hilo swali la mwisho ndo nataka ulibebe kwenye hii safari yako yote. Nafasi yoyote ya kujitolea kwenye mambo haya, iwe ya shirika kubwa au ya klabu ndogo ya chuo, ipime kwa kitu kimoja: nyuma yangu kuna nani? Wakikujibu vizuri hapo, mengine mengi yatakuwa sawa. Wakibabaika, ondoka hata kama fulana zao ni nzuri.

Kuhusu kutosoma saikolojia hilo liondoe kichwani kabisa. Huduma hizi tangu mwanzo zilibebwa na watu wa kawaida. Mwaka 1953 padri mmoja wa Kianglikana, Chad Varah, alianzisha huduma ya simu London kwenye kanisa la St Stephen Walbrook kwa ajili ya watu wanaofikiria kujiua. Miaka mingi nyuma, 1935, moja ya mazishi yake ya kwanza kabisa yalikuwa ya binti wa miaka 14 aliyejiua sababu alipoanza hedhi alidhani amepata ugonjwa na hakuwa na mtu wa kumuuliza. Varah alipanga kwamba yeye ndo atakuwa mshauri, watu wakawa wengi, foleni ikawa ndefu, wakaja watu wa kujitolea kazi yao ikiwa tu kuwapa chai wanaosubiri na kukaa nao. Baada ya muda akagundua kwamba wengi wakishaongea na wale wa kwenye chai wanaondoka wametulia, hawana tena haja ya kumuona yeye. Februari 1954 akawakabidhi kazi yote ya kusikiliza. Hao ndo Samaritans, na mpaka leo simu zao Uingereza na Ireland zinapokelewa na watu wa kujitolea waliofundishwa: wenye maduka, wastaafu, wanafunzi.

Ila angalia mfumo wao ulivyo, maana watu wakisikia hii stori wanabaki na ile sehemu ya moyo mzuri tu. Volantia wa Samaritans akiwa shifti kwa kawaida anakuwa na mwenzake, hapokei simu peke yake, na shifti ikiisha harudi nyumbani tu hivihivi, anaongea kwanza na kiongozi wa shifti anamsimulia simu zilizomkaa moyoni. Ikiwa nzito sana anafuatiliwa hata siku inayofuata. Hiyo ndo nyuma yangu kuna nani ninayokwambia.

Sehemu zenyewe sasa. Anza kuangalia kama chuo chenu kina huduma ya wanafunzi kwa wanafunzi inayosimamiwa na kitengo cha ushauri nasaha, vyuo vingi vinayo ila haitangazwi vizuri, inabidi uende ofisini uulize. Kule Uingereza kuna mfano mzuri sana wa hii kitu, inaitwa Nightline, ilianza Chuo Kikuu cha Essex mwaka 1970, wanafunzi wanakesha kwa zamu wakipokea simu na meseji za wanafunzi wenzao, hawatoi ushauri wala hawamwambii mtu afanye nini, wanasikiliza, na kwa kawaida volantia wanaficha hata utambulisho wao ili lile tatizo la kukutana kwenye foleni lisiwepo. Ukilinganisha na grupu lenu utaona wazo ni lilelile, tofauti ni mafunzo, zamu, kutojulikana na mtu mzima wa kukimbilia.

Nje ya chuo kuna Befrienders Worldwide, huu ni mtandao uliozaliwa kutokana na kazi ya Samaritans mwaka 1974, una vituo nchi nyingi na kwenye tovuti yao unaweza kutafuta kituo kwa nchi yako, vingi vinaendeshwa na watu wa kujitolea. Kuna laini za watoto pia, nyingi ziko chini ya mtandao wa Child Helpline International, ukitaka kufanya kazi na wadogo zako hiyo ni njia. Marekani laini ya taifa ni 988, ilianza na hiyo namba fupi Julai 2022, nyuma yake kuna vituo zaidi ya 200, na vituo vingi vinachanganya wafanyakazi wa kulipwa na volantia. Kwa wasiopenda kuongea kwenye simu kuna huduma za meseji, Crisis Text Line ilianza Marekani 2013, volantia anafanyia nyumbani kwenye kompyuta yake huku msimamizi mwenye taaluma akiona mazungumzo muda huohuo na anaweza kuingilia kati, wanataka uwe na miaka 18, unapitia mafunzo kwanza na unaahidi kutumikia masaa 200. Masaa 200 ukiyagawa kwa shifti ya masaa manne kwa wiki ni karibu mwaka mzima, kwahiyo usijaze fomu siku uliyopata hasira au huzuni, jaza baada ya kuangalia ratiba yako ya muhula.

Kama una mdogo wako yuko sekondari na yeye anataka, asikate tamaa. Los Angeles kuna Teen Line tangu 1980, wanaopokea ni vijana wa umri wa shule, wakisimamiwa na wataalamu. Ila laini nyingi duniani zinaanzia miaka 18 na zina sababu.

Ukishapita usaili, ndo mafunzo. Hapa watu wengi wanashangaa kwamba sehemu kubwa ya mafunzo ni kuondolewa tabia ulizonazo: tabia ya kuwahi kutoa suluhisho, ya kusema hata mimi ilishanikuta, ya kusema usijali kutakucha tu, ya kumkumbusha mtu ana wazazi wanaompenda. Mnafanya mazoezi mnaigiza simu, mmoja mpigaji mmoja msikilizaji, wengine wanasikiliza wanakusahihisha, inachosha na mara nyingine inauma. Utafundishwa kuuliza: "Unafikiria kujiua?" hivyohivyo, kwa sauti ya kawaida, afu unanyamaza unangoja jibu. Utafundishwa kuuliza kama ana mpango, kama ana njia ya kuutekeleza karibu yake, kama alishawahi kujaribu, na kutengeneza naye mpango wa usalama, yaani anaorodhesha mwenyewe dalili zinazomuonyesha hali inaanza kuwa mbaya, vitu anavyoweza kufanya akiwa peke yake vikamtuliza, watu na sehemu za kumtoa kwenye mawazo, watu wa kuwaomba msaada, wataalamu wa kuwapigia, na jinsi ya kuweka mbali naye kile ambacho angekitumia kujidhuru. Huo mpango uliandaliwa na wanasaikolojia wa Marekani, Barbara Stanley na Gregory Brown, unatumika sehemu nyingi sana sasa hivi.

Hicho kipengele cha mwisho, kuweka mbali, usikichukulie kirahisi. Watu wanadhani mtu akishaamua ameamua, ukimzuia leo atafanya kesho. Mwaka 1978 mtafiti Richard Seiden alichapisha utafiti aliofuatilia watu 515 ambao walizuiliwa wakiwa kwenye hatua ya mwisho kabisa huko California, kati ya 1937 na 1971, na asilimia 94 hivi walikuwa bado wako hai au walikufa vifo vya kawaida. Yaani ile saa mbaya kwa watu wengi inapanda afu inashuka. Mtu wa upande wa pili wa simu anakaa na mtu mpaka ishuke, na anamsaidia ishuke akiwa mbali na hatari.

Ntakwambia na yale ambayo matangazo hayasemi. Simu nyingi sio za mtu anayetaka kujiua usiku huo. Ni mpweke, ni mtu kaachwa, ni mwanafunzi kafeli anaogopa kuwaambia wazazi, ni mtu anayepiga kila jioni kwa miaka na volantia wote wanamjua kwa sauti. Kuna simu ya kimya unasikia pumzi tu na inabidi ukae naye kwenye huo ukimya umwambie nipo, sina haraka. Kuna wanaopiga kutukana, kuna wanaopiga kujistarehesha kimapenzi na utafundishwa kukata bila kujilaumu. Na karibu mara zote hutajua iliishaje. Mtu anakwambia asante, anakata, basi, hutosikia tena habari zake maisha yako yote. Kwa mtu wa uhandisi ambaye amezoea kuona daraja limesimama hilo linaweza kuwa gumu kuliko yote, na ni vizuri ulijue kabla.

Kuhusu kuogopa kusema kitu kibaya. Hofu kubwa waliyonayo watu ni kwamba ukimuuliza mtu kuhusu kujiua utakuwa umempa wazo. Mwaka 2005 mtafiti Madelyn Gould na wenzake walitoa utafiti kwenye JAMA, jarida la kitabibu la Marekani, wanafunzi 2,342 wa sekondari 6 za jimbo la New York, nusu waliulizwa maswali ya kujiua nusu hawakuulizwa, walipopimwa baadaye waliokuwa wameulizwa hawakuwa na mawazo hayo zaidi ya wengine, na wale wenye msongo au waliokuwa wameshajaribu kabla walionekana kuwa na unafuu kidogo. Kwahiyo uliza. Na kingine, mwaka 2007 Brian Mishara wa Montréal na wenzake walichapisha matokeo ya kusikiliza simu 2,611 kwenye vituo 14 vya Marekani. Waliona kwamba kwenye nusu hivi ya simu walizozichambua hata hao waliofundishwa hawakuuliza kuhusu kujiua! Na walipoangalia ni nini kilichoendana na mpigaji kuondoka na hali nzuri zaidi wakakuta ni huruma ya kweli, heshima, na kutafuta pamoja naye hatua inayofuata, zile mbinu za kurudiarudia maneno ya mpigaji peke yake hazikutosha. Mimi huwa nawasomea volantia wapya hii kwa sababu wanakuja wakiwa wamekariri sentensi. Hakuna sentensi. Utakosea maneno, utagugumia, mtu akisikia kwamba unamheshimu na huna haraka naye atakusamehe hayo. Vinavyoumiza kweli ni vichache na unaweza kuviepuka: kumhukumu, kubishana naye kuhusu dini au familia, kumpa changamoto eti fanya basi tuone, na kumuahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote chochote. Hiyo ahadi ya mwisho usiitoe kamwe, hata kwa rafiki yako wa karibu.

Sasa, sio lazima kila mtu akae kwenye simu, na kwa kweli nadhani wanafunzi wengi wangeokoa watu wengi zaidi wakifanya kazi nyingine. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya 720,000 wanakufa kwa kujiua kila mwaka, na kwa wenye miaka 15 mpaka 29 ni sababu ya tatu ya vifo. Mwongozo wao wa mwaka 2021 wanaouita LIVE LIFE unataja mambo manne makubwa ya kufanya: kupunguza upatikanaji wa njia za kujiulia, kufanya kazi na vyombo vya habari viripoti kwa uangalifu, kuwajengea vijana uwezo wa kukabiliana na hisia na maisha, na kuwatambua mapema walioko hatarini na kuwafuatilia. Ukiangalia hayo manne, simu za usiku zinaingia sehemu moja tu. Mashuleni kuna ushahidi mzuri, utafiti wa Ulaya ulioitwa SEYLE, ulichapishwa kwenye jarida la kitabibu la Lancet 2015, wanafunzi 11,110 wa shule 168 katika nchi 10, programu moja inayoitwa YAM ambayo vijana wenyewe wanajadili na kuigiza mambo ya afya ya akili darasani ilipunguza majaribio ya kujiua baada ya mwaka mmoja. Kuna nyingine ya Marekani, Sources of Strength, ilianza mwaka 1998 North Dakota, inawachukua wanafunzi wa makundi tofauti, mcheza mpira, mkimya wa nyuma, mwimbaji, inawafundisha wawe ndo wanaowaunganisha wenzao na watu wazima wanaoaminika. Active Minds nayo ilianzishwa na mwanafunzi, Alison Malmon, alimpoteza kaka yake kwa kujiua akiwa chuo, leo ina matawi kwenye vyuo vingi. Yeye alianza kama wewe, na alichojenga ni klabu ya kuongea wazi, kuelekeza watu kwenye huduma na kudai huduma bora chuoni, laini ya kupokea simu hakuigusa.

Hapo kwenye kudai ndo nawaona nyie wanne hasa. Nendeni mkaulize: mwanafunzi akiomba kuonana na mnasihi anasubiri siku ngapi? Wikiendi je? Namba ya dharura iko nyuma ya kitambulisho cha mwanafunzi au haipo? Mwanafunzi akilazwa kwa kujaribu kujiua, chuo kinamsaidia kurudi au kinamfukuza hosteli? Paa za majengo zinafungwa? Walinzi na wasafishaji, ambao ndo wanaona mengi, kuna aliyewafundisha? Hakuna linalohitaji digrii ya saikolojia hapo, linahitaji ung'ang'anizi, na watu wa uhandisi mnajua kufuatilia kitu mpaka kikamilike.

Na kuna hii, naipenda kuliko zote. Kuanzia mwaka 1969 Jerome Motto, daktari wa San Francisco, alichukua watu 843 waliokuwa wametoka hospitali baada ya kuwa kwenye hali ya kutaka kujiua na waliokataa au kuacha matibabu, nusu yao akawa anawatumia barua fupi kwa miaka 5. Barua yenyewe mistari michache tu, tunatumaini unaendelea vizuri, ukitaka kutuandikia tutafurahi. Hakuna swali, hakuna dai, hakuna mahubiri. Waliopata barua walijiua wachache kuliko wasiopata, na tofauti ilionekana zaidi miaka miwili ya mwanzo. Hii huhitaji fomu wala usaili. Kuna mwenzako amerudi chuo baada ya kulazwa, kila mtu anamkwepa sababu hajui aseme nini, mtumie meseji leo, afu wiki ijayo, afu mwezi ujao, bila kumdai jibu.

Lile bango lenu sasa, msilitupe, libadilisheni. Toeni namba zenu wekeni namba ya laini rasmi ya nchi na ya kitengo cha chuo. Halafu kila mtakachoandika kuhusu kujiua msitaje njia aliyotumia mtu, msitaje sehemu, msiweke picha za giza na mtu kashika kichwa, msitafute sababu moja ya kifo cha rafiki yenu, wala msimfanye aonekane kama sasa amepumzika na matatizo yameisha, mtu aliye hatarini akisoma hivyo anaona mlango. Watafiti wameona kwamba habari za kina na za kutukuza zinaweza kufuatiwa na vifo zaidi, na mwaka 2010 Thomas Niederkrotenthaler na wenzake wa Austria wakaonyesha upande wa pili, habari za watu waliopitia kipindi kibaya wakatafuta njia ya kuishi ziliendana na upungufu wa vifo. Kwahiyo kama mnafanya tukio tarehe 10 Septemba, siku ya kimataifa ya kuzuia kujiua inayoadhimishwa tangu 2003, tafuteni mtu aliyevuka aongee alivyovuka, na muwe na mnasihi ukumbini siku hiyo sababu kuna watu watatoka pale wanalia.

Kufiwa kwako. Hapana, hakukuzuii, ila kunakupanga foleni. Baadhi ya huduma zitakuomba upitishe muda, hata mwaka, kabla ya kukaa kwenye simu, usione kama wamekukataa. Sababu ni kwamba siku moja atapiga mtu mwenye umri wa rafiki yako, anaongea kama yeye, na wewe utajikuta unajaribu kumuokoa rafiki yako kupitia kwa huyu. Huyu atakuwa hajasikilizwa, na wewe utaumia upya. Kwenye fomu andika ukweli, usifiche, wasimamizi wazuri wanapenda kujua mapema, na mtu ambaye anaweza kuzungumzia msiba wake akakaa na huzuni yake bila kukimbia huwa anakuja kuwa msikilizaji mzuri sana. Ambaye hajaanza hata kulia ndo namwambia subiri. Wewe unajijua uko wapi. Kama kuna kikundi cha watu waliofiwa na waliojiua unakoishi, ingia, uwe wa kusaidiwa kwanza.

Wiki hii fanyeni hivi. Nyote wanne tafuteni mafunzo mafupi ya kumtambua mtu aliye hatarini, QPR ni ya saa moja mpaka mbili tu na ipo onlaini, ukipata nafasi ya ASIST ya siku mbili ichangamkie, au ile ya huduma ya kwanza ya afya ya akili iliyoanzia Australia mwaka 2000. Halafu wewe nenda kwenye kitengo cha ushauri chuoni ukiwa na bango lililobadilishwa, waambie mnataka kuanzisha kikundi chini yao, waulize nani atakuwa msimamizi wenu na atapatikana saa ngapi. Wakikubali, omba wawape mafunzo kabla ya kitu chochote. Wakikataa, au wakikwambia ratiba imejaa, andika barua pepe kwa kituo cha laini kilicho karibu na wewe, waulize wanahitaji volantia wa nini, na usiogope kujitolea kwenye data, kutafsiri au kutengeneza tovuti huku muda wako wa kukaa kwenye simu ukikaribia. Na lile swali nililokuuliza mwanzo, jibu lake nalisubiri, niandikie hata kama ni neno moja.